Fukusi kwenye nafaka: friza, chombo cha kuzuia hewa, jua au dawa ya unga? Ulinganisho kwa jikoni na stoo za Mombasa

Fukusi unayemwona akitembea juu ya mchele ameshafanya kazi yake. Jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha huliziba tundu kwa ute unaokauka hadi usijue palitobolewa. Buu huanguliwa humo humo, hula kiini, hukua, na hutoka akiwa mdudu kamili baada ya siku 35 hivi, kukiwa na joto la nyuzi 27 na unyevu wa hewa wa asilimia 70. Hiyo ndiyo hali ya Mombasa karibu mwaka mzima. Jike mmoja hutaga mayai mia tatu na zaidi maishani mwake, naye huishi miezi kadhaa. Ndiyo maana mchele uliopetwa leo ukang'ara kwenye uteo, baada ya wiki tatu unatoa wengine, na mwenye nyumba anadhani wameingia dirishani.

Njia za kuwamaliza zipo, na kila moja ina mahali pake. Tatizo ni kuchagua isiyolingana na nafaka uliyo nayo. Hapa tunalinganisha nne: friza, chombo cha kuzuia hewa, jua, na dawa ya unga.

Mambo ya kupima kwanza

Swali la kwanza kwa kila njia: inamfikia aliye ndani ya punje, au inawaua tu wanaotembea nje?

La pili ni kiasi na muda. Kilo mbili za pojo za kuliwa mwezi huu, na gunia la kilo 90 la mahindi ya kukaa hadi mavuno mengine, ni mambo mawili mbalimbali. La tatu ni chakula chenyewe: ni punje nzima, ni mchele uliokobolewa, au ni unga? Dawa inayofaa mahindi mazima haifai kabisa kutiwa kwenye unga wa sima. La nne ni gharama na usalama wa walaji, hasa watoto wadogo.

La tano ni unyevu, na hili watu wa pwani hatuna budi kulitazama kuliko wenzetu wa bara. Punje huvuta maji kutoka hewani. Mahindi yaliyoletwa kutoka Kitale yakiwa makavu, yakikaa kwenye gunia wazi huku masika yakinyesha, hurudi kuwa na unyevu. Kiwango kinachotakiwa kwa kuhifadhi mahindi ni asilimia 13 au chini. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750, safi na kavu kabisa, ujaze mahindi theluthi moja, utie vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, ufunge na kutikisa kwa dakika moja. Iache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yamezidi asilimia 15 na hayafai kufungiwa popote. Chumvi ikibaki chini bila kuganda, unaweza kuendelea. Jambo moja la kujihadhari: chumvi ya mezani iliyokaa wazi jikoni Mombasa huwa imeshavuta maji, kwa hiyo ikaange kidogo kwenye sufuria kavu na uiache ipoe kabla ya kupima.

Mjue uliye naye

Fukusi wa mahindi na wa mchele ni wa kahawia iliyokoza, urefu wa milimita 2.5 hadi 4, ana mdomo kama mkonga na mgongoni madoa manne yenye wekundu. Anaruka. Anaingia pia kwenye tambi na ngano nzima.

Dumuzi, ambaye wakulima wengine humwita Osama, hana mkonga. Mwili wake ni kama kipande kifupi cha penseli, na kichwa kimeinamia chini hata ukimtazama kwa juu hukioni. Asili yake ni Amerika ya Kati, na Kenya alionekana mara ya kwanza Taveta mwaka 1983. Dalili yake kubwa ni unga: ukiinua gunia, unamwagika kama vumbi la mbao. Hutoboa mbao na plastiki pia, na jambo hilo litatuhusu tukifika kwenye mifuko.

Wa kunde, pojo na mbaazi ni mwingine kabisa, mfupi, wa mviringo, hana mkonga. Chukua kunde moja uishike karibu na dirisha. Ukiona nukta inayong'aa kama tone la gundi lililokauka, hilo ni yai ambalo bado halijaanguliwa. Ukiona nukta nyeupe kama chokaa, umechelewa: buu ametoboa ngozi ya kunde akiwa chini ya yai lile lile, akajaza ganda tupu kwa uchafu aliouchimba, na sasa yumo ndani. Huyu mara nyingi hutoka shambani na kunde, kwa hivyo usiwe mwepesi wa kumlaumu muuzaji wa Kongowea.

Kwenye unga utakuta mdudu mwembamba mwekundu-kahawia wa milimita 3 au 4. Akizidi, unga hubadilika rangi kuelekea waridi na kutoa harufu kali isiyotoka hata ukiupika. Na ukiona nyuzi kama za buibui zikigandisha unga, suji au mchele, huyo ni nondo, na mabuu yake ndiyo yanayokula.

Friza

*Ndani ya punje:* inafika. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne zinatosha kuua yai, buu na mkubwa. Sharti ni baridi hiyo ifike katikati ya mfuko. Mchele ni kizuizi kizuri cha joto na baridi. Mfuko wa kilo 10 uliosimamishwa kwenye kona ya friza unaweza kuchukua zaidi ya siku nzima kabla ya kiini chake kupoa. Gawa kwa kilo moja au mbili, ulaze mifuko bapa, uache nafasi kati yake, na uanze kuhesabu siku nne baada ya baridi kufika katikati ya mifuko yote.

*Chakula gani:* karibu chote. Mchele, unga wa ngano, suji, pojo, tambi, hata viungo vizima. Ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayoutibu unga vizuri bila kuugusa.

*Inapokwama:* kosa kubwa la pwani hutokea siku ya kutoa. Ukifungua pakiti ikiwa bado baridi, hewa nzito ya Mombasa hugeuka maji juu ya punje papo hapo, na baada ya wiki unapata ukungu mahali ulipokuwa na fukusi. Acha pakiti imefungwa juu ya meza kuanzia jioni hadi asubuhi, futa jasho la nje, ndipo ufungue. La pili ni friji ya mlango mmoja. Kile kisanduku cha barafu cha juu hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo acha wiki mbili badala ya siku nne. Sehemu ya kawaida ya friji inawalaza tu, hawafi haraka. Na umeme ukikatika hadi barafu ikaanza kuyeyuka, hesabu inaanza upya.

*Gharama na usalama:* kama friza unayo, hakuna cha kununua. Hakuna sumu. Lakini friza haiachi kinga yoyote. Siku ukirudisha nafaka kwenye kopo lenye kifuniko kilicholegea, fukusi wa kopo la jirani ataingia.

Inamfaa anayenunua kidogo kidogo, asiyezidi kilo 10 kwa mwezi, na yeyote mwenye unga mwingi.

Chombo cha kuzuia hewa

*Ndani ya punje:* kinafika, ila kwa subira. Wadudu wenyewe hutumia oksijeni iliyomo, inapungua, wanaacha kula. Wadudu wa nafaka kavu hupata maji mengi ya mwili kwa kuvunjavunja chakula, na kazi hiyo inahitaji oksijeni, kwa hiyo hukauka wakiwa katikati ya chakula. Mabuu yaliyo ndani ya punje nayo hayaepuki.

Mbinu hii ilianza kwa kunde. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walianza kuishughulikia Kaskazini mwa Kamerun, na hapo ndipo ilipotoka mifuko ya PICS: mifuko miwili ya nailoni ngumu, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la kawaida la kusokotwa nje. Ukiununua, puliza hewa kwenye kila mfuko wa ndani, usokote mdomo, ubonyeze karibu na sikio. Unaovuja utausikia. Jaza mfuko wa ndani kabisa huku ukitikisa ili nafaka ishuke, acha kama sentimita 30 juu, kamua hewa, usokote, ukunje chini, ufunge kwa kamba ya mpira. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kisha gunia la nje. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, usiufungue kwa miezi miwili ya mwanzo.

Kwa nyumba ndogo, mtungi wa plastiki wa lita 20 unafanya kazi ile ile. Unaingia kilo 14 au 15 za mahindi. Uwe umeoshwa, umekaushwa juani siku mbili, na ujazwe hadi shingoni. Watu wengi hukosea hapo: mtungi nusu una hewa ya kuwatosha wadudu kwa muda mrefu. Ni bora mitungi mitatu midogo iliyojaa kuliko pipa moja linalofunguliwa kila jioni kwa ajili ya chakula cha usiku.

*Inapokwama:* nafaka yenye unyevu. Ukiifungia humo inaoza, na sumu ya ukungu, yaani sumukuvu, haiondoki kwa kupeta, kwa jua wala kwa kupika. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu ndiyo yaliyokuwa chanzo. Kipimo cha chumvi kabla ya kufunga kifanye kila mara. La pili, dumuzi akiwa mwingi anaweza kutoboa nailoni, na panya ndiyo kabisa. Tundu dogo la sindano linaua njia nzima.

*Gharama na usalama:* mfuko una bei kuliko gunia la kawaida, lakini usipotobolewa unatumika misimu kadhaa. Hakuna dawa, na mbegu inabaki hai.

Inamfaa mwenye punje nyingi kavu asizozihitaji leo: jamaa wanaopokea gunia kutoka shamba la Kwale au Kilifi, wanaonunua kunde wakati wa mavuno bei ikiwa chini.

Jua

Kuanika kwa mazoea, juu ya mkeka uani, kunafanya mambo mawili: kunapunguza unyevu, na kunawafukuza wakubwa. Mkubwa akihisi joto huondoka kwa miguu au kwa mbawa, na kama mkeka uko hatua tatu kutoka mlango wa stoo, ameshafika ndani kabla hujanywa chai. Mabuu yanabaki salama ndani ya punje.

*Ndani ya punje* jua hufika tu ukilizidisha. Kwa kunde na pojo inajulikana kuwa nyuzi 57 kwa saa moja huua hatua zote za mdudu. Joto hilo unalipata hivi. Kwenye sakafu ya juu ya fleti, pale penye kamba za nguo, tandika magunia makavu au majani makavu ili joto lisinywewe na saruji. Juu yake weka plastiki nyeusi ya mita 3 kwa 3. Sambaza kunde kwa unene wa sentimita moja. Funika kwa plastiki inayoona, ya ukubwa ule ule, kunja kingo za zote mbili pamoja na uzigandamize kwa mawe pande zote. Saa tano na nusu hadi saa nane za mchana siku ya kaskazi, bila wingu, zinatosha. Chomeka kipimajoto cha jikoni pembeni ili uwe na hakika.

*Chakula gani:* kunde, pojo, mbaazi, mahindi ya chakula. Mchele uliokobolewa usiuanike juani. Punje hupasuka kwa ndani, na ukiupika pilau inakuwa vipande vipande. Unga haufai kwa njia hii, na mbegu ya kupanda usiiweke kwenye joto kama hilo.

*Inapokwama:* kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu na manyunyu hukatiza kila mara, na plastiki iliyofunikwa kwa siku ya mawingu inachemsha jasho tu.

*Gharama na usalama:* karibu bure, na haina sumu. Lakini kama friza, haiachi kinga. Acha kunde zipoe kivulini, zifungie siku hiyo hiyo.

Linamfaa asiye na friza, mwenye kilo 10 hadi 50 za kunde au pojo, na mwenye paa au uwanja wa kufikiwa na jua.

Dawa ya unga

Zinazojulikana sana ni Actellic Super na Actellic Gold Dust, za kuchanganywa na punje nzima kavu. Kipimo cha kawaida ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90, na lebo ya pakiti uliyonunua ndiyo ya mwisho.

*Ndani ya punje:* haifiki. Dawa imekaa juu ya ngozi ya punje. Anayetoboka kutoka ndani ndiye anayeigusa na kufa. Kwa hiyo usishtuke ukiona matundu mapya na maiti wiki chache baada ya kutia dawa. Shituka ukiona wanaotembea. Faida yake ni kwamba ndiyo njia pekee kati ya nne inayowazuia wageni hata gunia likifunguliwa kila wiki.

Kuchanganya kunataka utulivu: turubai safi, kofia, barakoa, glavu, na mahindi yaliyopigwa na kupetwa. Mimina, nyunyiza, geuza kwa koleo kutoka upande hadi upande, rudia mara tatu, maana rundo lisilochanganyika huacha sehemu za mahindi yasiyo na dawa katikati. Soma lebo inasema usubiri muda gani kabla ya kula, na osha mahindi kabla ya kuyapika au kuyapeleka kusagwa, kisha uyakaushe.

*Inapokwama:* joto na unyevu huivunja dawa mapema, kwa hiyo usitegemee pwani ikae muda ule ule inaokaa sehemu za baridi. Pakiti zilizofunguliwa na kugawanywa vijikaratasi sokoni usinunue. Tafuta iliyofungwa kiwandani, yenye tarehe na nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu.

*Usalama:* si ya mchele, unga, suji wala chochote kilicho tayari kupikwa. Na vile vidonge vya kufukiza vinavyotoa gesi ya fosfini visiingie nyumbani kamwe, hata kimoja. Unyevu wa hewa peke yake unatosha kuviamsha, gesi hupita chini ya mlango na kwenye matundu ya ukuta hadi chumba cha watoto, na haina dawa ya kuiondoa mwilini.

Inamfaa mwenye magunia ya mahindi au maharagwe mazima anayoyachota mara kwa mara, na mwenye stoo isiyolaliwa na watu.

Na mwarobaini, karafuu, jivu?

Majani ya mwarobaini na karafuu huwasumbua wadudu wanaotafuta pa kuingia. Hayawafanyi chochote waliomo. Jivu lililochekechwa hufanya kazi kwa kunde likiwa jingi kweli, kama vibaba vitatu vya jivu kwa vinne vya kunde, na nyumba inayopikia gesi haitalipata. Unga wa diatomaiti, ule mwamba mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, huwakausha wadudu, ila hewa yenye unyevu hupunguza nguvu zake, na hilo ni pigo kwa Mombasa. Lenye thamani zaidi kuliko watu wanavyodhani ni mafuta ya kupikia kwa kunde na pojo: mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa kila kilo, ukikoroga hadi kila kunde ing'ae. Kwa kuwa yai limebandikwa nje, mafuta hulifikia na kuliziba pumzi. Kwa fukusi wa mahindi hayasaidii, kwa sababu yai lake liko ndani. Baada ya miezi michache mafuta huanza kuchacha, kwa hiyo fanya kwa unazozila karibuni.

Kwa hali yako

Unakaa fleti Bamburi au Majengo, unanunua kilo 5 za mchele na pakiti mbili za unga: friza siku nne, kisha makopo yenye mpira wa kuzibia. Usichanganye mchele mpya na uliobaki chini ya kopo.

Unapika mahamri au vitumbua vya biashara na unaweka unga wa wiki mbili: nunua wa wiki moja. Unga unaozunguka haraka hauwapi nafasi, na hakuna njia nyingine inayoishinda hii kwa bei. Ukishageuka waridi na kunuka, utupe.

Unaweka akiba ya Ramadhani, kunde na pojo kilo 20: ikiwa ni kaskazi, plastiki nyeusi na jua, kisha mitungi iliyojaa. Ikiwa ni kusi, mitungi peke yake, uanze miezi miwili kabla.

Umeletewa gunia la mahindi kutoka shamba: pima kwa chumvi. Makavu na hulihitaji mara moja, mfuko wa PICS. Unachota kila wiki, ligawe. Robo ibaki kwa matumizi, robo tatu zifungwe. Ukikuta dumuzi, usitegemee mfuko peke yake. Peta kwanza, ondoa unga wote, na uchome takataka.

Mwenye duka au stoo ya magunia: panga kwa mbao, nusu mita kutoka ukutani, toa ya zamani kwanza, fagia punje zilizomwagika kila jioni, na ufukizaji uachie kampuni yenye leseni.

Kabati limeshaenea: toa kila kitu, hata chakula cha ndege na biskuti zilizosahauliwa nyuma. Piga brashi kwenye nyufa na pembe, futa kwa maji moto na sabuni, liache wazi likauke siku nzima. Kisha, njia yoyote uliyochagua, chota kikombe kimoja cha nafaka hiyo ukiweke kwenye chupa ya kioo iliyofungwa kwa kitambaa na uzi, uandike tarehe. Baada ya wiki tano itazame chini ya chupa. Vumbi jipya au mdudu mmoja maana yake waliokuwa ndani hawakufikiwa, na nafaka yote irudie matibabu kabla ya kurudi kabatini.